Mlipuko wa aurora, ile mianga ya rangi angani karibu na ncha za Dunia, huanzia wapi?
Kwenye mkia wa uga sumaku wa Dunia (eneo la nguvu ya sumaku linaloizunguka), ulionyooka upande wa usiku, mbali na Dunia. Angalau kwa tukio lililopimwa vizuri. Tarehe 26 Februari 2008 setilaiti za THEMIS za NASA zilinasa mistari ya sumaku ikikatika na kuungana upya takribani kilomita 128,000 kutoka hapa, theluthi ya njia ya kwenda Mwezini, na plazma (gesi ya chembe zenye chaji ya umeme) ikisukumwa kuelekea Dunia. Kamera za ardhini huko Kanada na Alaska ziliona aurora ikiwaka dakika moja na nusu hivi baadaye. Bila kamera hizo mfuatano huo usingejulikana. Ila kuoanisha mahali ilipo setilaiti na mahali hasa aurora inapowaka angani hutegemea modeli ya uga sumaku, na mkia ukivutika sana modeli hupotoka.