Jibu: Mdogo wangu ana sonona (ugonjwa wa huzuni nzito, depression), nimwambie nini?

Pole mkuu. Kama dogo anashinda kitandani huko Uyole, Mbeya, kama ulivyosema, mi naona maneno punguza, hasa yale ya "jikaze we mwanaume", yanamzamisha tu. Mpelekee chai, kaa nae hata msipoongea, jua likitoka mzunguke shambani kidogo. Hizo dawa za sonona alizoanzishiwa huwa zinachukua wiki 2 mpaka 4 hivi, wengine zaidi, ndo nafuu ianze kuonekana, kwahiyo asiache kienyeji, zikimsumbua mrudishe kwa daktari. Alafu kama mna sumu ya kupulizia viazi, itoe ndani kabisa leo leo asije akajidhuru nayo, mpe jirani akutunzie, na muulize wazi kama anawaza kujiua, kumuuliza hakumtii hilo wazo kichwani, wengi wanaogopa bure. Akisema ndio usimwache peke yake, nendeni hospitali hapo hapo.