Daino na bomba la hewa: maswali ya wasomaji

Fundi, tangazo la bomba jipya la hewa, lile la kupeleka hewa kwenye injini, lina grafu ya daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) inayoonyesha nguvu imeongezeka. Gari lilipimwa likiwa limesimama juu ya rola. Kipimo hicho ni cha haki?

Kwa jambo moja, ndiyo: kinaonyesha kama bomba na chujio vinaibana injini. Kwa joto la hewa sikiamini. Gari limesimama, upepo wote unatoka kwenye feni, na mara nyingi boneti huachwa wazi. Chujio la wazi lililokaa kando ya injini hapo linavuta hewa ya chumbani, hewa ambayo halitaiona tena boneti ikifungwa na gari likikwama kwenye foleni. Boksi la chujio la kiwandani linalovuta hewa kutoka mbele ya gari halipati upendeleo huo. Na joto si jambo dogo. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 35 hupoteza karibu asilimia 3 ya uzito wake, kiasi kinachotosha kabisa kuzaa ongezeko dogo la kwenye grafu au kulimeza.

Si daino inasahihisha hali ya hewa yenyewe?

Inasahihisha hewa ya chumba. Kiwango cha SAE J1349, cha chama cha wahandisi wa magari, hurejesha matokeo kwenye nyuzi 25 na kilopaskali 99 za hewa kavu, kwa kusoma kipimajoto kilichopo chumbani. Hata ungekihamishia ndani ya bomba usingetenda haki, maana bomba linalovuta hewa ya moto lina kasoro, na wewe ungekuwa unalifutia.

Muuzaji anasema mwendo wa gari unashindilia hewa bombani, na daino haioni faida hiyo.

Ni kweli haioni, lakini faida yenyewe ni ndogo. Kwa kilomita 100 kwa saa, hata upepo wote ungenaswa, shinikizo huongezeka kwa takribani nusu asilimia. Kwa kilomita 200, bado halifiki asilimia 2. Mwendo una msaada mkubwa zaidi wa kuondoa joto chini ya boneti.

Gari langu lina turbo, kile kifaa cha kushindilia hewa kwenye injini. Mambo yanabadilika?

Kiasi. Kompyuta ya gari hulenga shinikizo fulani, hivyo turbo ikibanwa huzunguka zaidi kufidia, na kilele cha nguvu kinaweza kubaki palepale. Angalia turbo inavyoamka, yaani inavyoanza kusukuma hewa, na joto la hewa inayotoka kwake.

Basi nikitaka kulinganisha mabomba mawili kwa haki, nifanyeje?

Funga boneti. Feni isihamishwe, gia iwe ileile, na kila mzunguko wa kipimo uanze joto la maji na la hewa ya bombani likiwa lilelile. Pima bomba la zamani, kisha jipya, kisha rudisha la zamani. Hatua hii ya tatu ndiyo inayorukwa, nami naiona muhimu kuliko zote: la zamani lisipotoa matokeo yale ya mwanzo, hujapima bomba, umepima injini ilivyopata moto. Soma mkondo wote wa grafu, usiishie kwenye kilele. Omba pia grafu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta, kwa sababu kipenyo kikibadilika pale penye sensa inayopima hewa inayoingia, kompyuta husoma hewa vibaya, na nguvu uliyoiona huenda imetokana na mafuta kupungua. Hiyo ungeipata kwa kurekebisha kompyuta tu, bila kununua bomba.