GB 500 zipo, mbona inasema memori haitoshi? RAM, ROM na diski, na ipi ya kuongeza

Mkuu, umeuliza kwa nini kompyuta mpakato yako yenye "memori ya GB 500" inaganda na kudai memori haitoshi, na kama RAM yoyote utakayonunua itaingia. Hizo GB 500 ni za diski. Inayokuishia ni RAM, na RAM haiingii yoyote tu.

Diski, iwe HDD (ya sahani zinazozunguka) au SSD (ya chipu, yenye kasi zaidi), hutunza mafaili hata umeme ukikatika. RAM hushika kile tu ambacho prosesa inakifanyia kazi muda huo: Windows yenyewe, brauza na tabu zake, faili ulilofungua. Ikijaa, mfumo huanza kuhamishia sehemu ya data kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, hasa kama ni HDD. Hapo taa ya diski huwaka bila kupumzika na mshale wa kipanya unakwamakwama. Kufuta picha na video hakusaidii, isipokuwa diski nayo imejaa kiasi kwamba hakuna pa kuhamishia.

ROM ni habari nyingine: chipu ndogo yenye BIOS, yaani maagizo ya kwanza mashine inapowashwa. Siku hizi ni flashi na huandikika upya, ila umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, mashine inaweza isiwake tena. (Kwenye simu, wauzaji wakiandika "ROM GB 128" wanamaanisha hifadhi ya mafaili. Wameshazoea, tuwaache.)

RAM nayo ina koo mbili. SRAM hutumia kwa kawaida transista 6 kwa kila biti. Ina kasi sana lakini ni ghali na inakula nafasi, hivyo hukaa ndani ya prosesa kama kashe, yaani hifadhi ndogo ya haraka ya data inayotumika mara kwa mara. Hiyo huwezi kuiongeza. DRAM ina transista 1 na kapasita 1 tu kwa biti. Chaji ya kapasita huvuja, kwa hiyo kila safu lazima iburudishwe, yaani ichajiwe upya, kwa kawaida ndani ya milisekunde 64. Mche wa RAM unaouziwa dukani, yaani kile kibao chembamba chenye chipu, ni DRAM.

Kabla ya kutoa hela, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, kisha Memory, huku ukifanya kazi zako za kila siku. RAM ikikaa juu ya asilimia 85 muda mwingi, ongeza. Ikiwa RAM iko nusu lakini diski inasoma 100, tatizo ni HDD. Hapo hela ya RAM utaitupa, nunua SSD. Angalia pia kama Windows ni ya biti 32, maana matoleo ya kawaida ya aina hiyo hayavuki GB 4 hata ukiweka 16.

Ukurasa huohuo unaonyesha kasi na sloti zilizotumika. Sasa aina, yaani kizazi cha RAM, kinachoandikwa DDR na namba. Miche ya mpakato ya DDR3 ina pini 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262, na pengo la katikati halilingani. Ukiona inakataa kuingia, usilazimishe. Mtego mkubwa ni DDR3 na DDR3L: zina umbo lilelile, ila ya kwanza ni volti 1.5 na ya pili 1.35, na kuna bodi zinazokubali 1.35 peke yake. Ikiandikwa LPDDR (aina inayotumia umeme kidogo), karibu kila mara imechomelewa kwenye bodi, huongezi kitu.

Ukichanganya kasi, zote hushuka hadi ya ile ya chini. CPU-Z (programu ya kuonyesha vipuri vya kompyuta) ikikuonyesha kasi ya 1600 kwa mche wa 3200 hujaibiwa, DDR hupitisha data mara mbili kwa kila pigo la saa. Na miche miwili ya GB 8 ni bora kuliko mmoja wa 16, kwa kuwa kwa kawaida data hupata njia mbili za kwenda kwenye prosesa badala ya moja: kwa DDR4-3200, njia moja hupitisha GB 25.6 kwa sekunde, mbili 51.2. Utaona tofauti zaidi kama grafiki yako inategemea RAM hiyohiyo.

Kufunga: zima huku umeshikilia Shift ili izime kabisa, toa chaja, chomoa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10. Gusa chuma kitupu kuondoa umemetuli. Shika mche kwenye kingo, uingize kwa mshazari wa digrii 30 hivi, sukuma hadi mwisho, kisha ulaze mpaka vibanio vilie.

Skrini ikibaki nyeusi au ikipiga bipu, mara nyingi mche haujakaa sawasawa. Toa, rudisha, kisha jaribu mmoja mmoja kwenye kila sloti ujue kibovu ni mche au sloti. Ikiwaka lakini inajizima ovyo, iache na MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Kosa hata moja linatosha kurudisha mche dukani. Kwa DDR5, mara ya kwanza skrini inaweza kukaa giza dakika kadhaa bodi ikipima mipangilio ya RAM mpya, usikimbilie kuizima.