Jibu: Nimekwama Platinum miezi 4, nifanye nini?

Habari ndugu. Umesema uko daraja la Platinum kwenye Street Fighter 6, mchezo wa video wa kupigana, kwa miezi 4, unacheza mechi 20 kila usiku, kombo (mapigo ya kuunganisha mfululizo) unazijua, na bado pointi zinapanda na kushuka palepale. Nilikwama hapohapo, na kilichoniumiza ni wingi huo wa mechi: nilikuwa narudia makosa yaleyale, tena kwa kasi.

Kwanza fungua rekodi za mechi 5 ulizofungwa. Kombo ziache. Hesabu ni mara ngapi mpinzani aliruka akatua salama, akakupiga. Mimi nilikuta karibu kila raundi, na muda wote nilikuwa nalaumu kombo! Basi kwa wiki 2 nikajipa kazi moja tu: anayeruka apigwe angani. Pointi zilishuka sana siku za mwanzo, iliniuma kweli. Vumilia hapo.

Ikiwa kinachokumaliza ni Drive Impact, lile pigo zito linalovumilia mapigo yako, hiyo huchukua fremu 26 (picha za mchezo, 60 kwa sekunde) kabla ya kugonga, yaani chini kidogo ya nusu sekunde. Muda wa kuijibu kwa yako upo, ila si wakati akili inawaza kombo. Kwenye chumba cha mazoezi rekodi dami (mpinzani wa kufanyia mazoezi) aichanganye na mapigo ya kawaida, dakika 10 kabla ya mechi.

Ukifungwa mara 3 mfululizo, zima.

Kuhusu Zangief, mpiganaji wa mieleka kwenye mchezo huu, sijawahi kumtumia, mambo yake ya kunasa watu waulize wanaomcheza. Weka hapa rekodi moja, nitaitazama.