Alama ya hatari mtoni: anza na muda, siyo ukingo

Ndugu, nimekuelewa: vitunguu vyako viko kando ya Mto Mkondoa, Kilosa, maji yanakuja ghafla usiku, na unauliza alama ya hatari uichore wapi.

Jiulize kwanza unahitaji muda gani. Tuseme kung'oa pampu na kuhamisha vitunguu vilivyokwisha kuvunwa ni saa mbili, na mto ukichachamaa hupanda sentimita 40 kwa saa. Hizo ni 80. Ongeza 30 za tahadhari. Alama nyekundu iwe sentimita 110 chini ya sehemu ya ukingo iliyo chini kuliko zote, ambayo mara nyingi ni pale ng'ombe wanaposhukia kunywa. Ya njano iwe chini zaidi. Maji yakiigusa, mtu akeshe.

Kigingi chenye alama hizo peke yake hakitoshi. Kilosa kunaweza kuwa kukavu kabisa huku maji ya Mpwapwa, upande wa juu wa mto, yanakuja, kwa hiyo tafuta mkulima wa juu akupigie simu. Kila masika yakiisha pima upya, maana mchanga huinua kitanda cha mto. Na gizani mtu asiingie majini kusoma kigingi. Akimulike kwa tochi kutoka juu ya ukingo.

Rekodi za kina cha maji kaulize Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, na fuatilia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Ila ukienda, ujue watakuuliza kuhusu zile mita 60 kutoka ukingoni ambamo sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu kingo za mto. Vitunguu vilivyo ardhini, kusema kweli, alama haiviokoi.