Kanisa linajaa jumapili ila huduma wanafanya walewale: uzoefu wangu wa huku mwaloni

Bwana asifiwe mtumishi. Umesema kanisa lenu lipo Ilemela karibu na ziwa, jumapili linajaa, ila ukitangaza ushuhudiaji au kutembelea wagonjwa wanajitokeza walewale, na wazee wanataka mnunue spika kubwa mpige mkutano wa injili. Nipo idara ya uinjilisti na diakonia (huduma ya kusaidia wahitaji) hapa Mwanza muda mrefu, nakupa ya kwetu, utachukua yanayokufaa.

Tangazo la madhabahuni halimtoi mtu nyumbani. Ukisema "wenye mzigo wa huduma tubaki baada ya ibada" wengine wote wanaelewa hawajatajwa, wanaondoka zao. Kwetu hali ilibadilika mchungaji alipoanza kumfuata mtu mmoja mmoja na kumpa kazi anayoiweza: wa bodaboda ampeleke bibi fulani kliniki, fundi cherehani amchukue binti wa mwaloni (kule ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapofikia) amfundishe. Kuna mtu hawezi kuhubiri hata dakika mbili ila msibani anaosha masufuria mpaka usiku, huyo yupo kwenye huduma kamili. Someni Matendo 6, wajane walipokuwa wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku mitume hawakuitisha semina, walisema wachaguliwe watu saba wakabidhiwe kazi, halafu mstari wa 7 ndo unakuta hesabu ya wanafunzi imezidi sana. Sisi tunaupenda huo wa 7 tu.

Sasa ratiba, na hapa ndo makanisa mengi ya huku yanapokwama. Ratiba zetu zimepangwa kama vile watu wote ni wa ofisini. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza, asubuhi mvuvi amelala na mama wa dagaa yupo mchangani anaanika, hilo jua la saa nne unalomtaka akae kwenye benchi ndo jua lake la kazi. Siku moja tulishuka mwaloni asubuhi na kwaya, sare zimenyooshwa, wamama wameinama wanatandaza dagaa hakuna hata aliyeinua kichwa, mara wingu likaja kutoka ziwani, kila mtu mbio, makarai, maturubai, kelele, mama mmoja wa kwaya kavua viatu kaingia kuanua na sare yake na wenzake wakafuata. Hatukuhubiri kitu aisee. Ila wakati tumejibanza chini ya bati mvua inapiga, wenyewe ndo wakaanza kutuuliza nyie wa kanisa gani, mbona hamjawahi kufika huku, na mmoja akasema mwanae ana homa siku nyingi.

Baada ya pale tukaanza kufuata mwezi. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi ya dagaa inapumzika, wavuvi wapo kambini wanashona nyavu, wana muda, na kwakweli ndo siku pombe inanyweka sana, kwahiyo jioni za mbalamwezi tunashuka (kwanza muone mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo wenu, msiingie kienyeji). Na jumapili tukaweka ibada fupi ya saa kumi jioni kwa ajili ya wamama wa dagaa, wazee walinung'unika kwamba ni kugawa kanisa, wakaja kunyamaza wenyewe.

Shida nyingine ya mwaloni ni watu kuhama, leo kaokoka hapa, dagaa wakihamia Ukerewe na yeye kahamia huko. Chukueni namba ya simu na mpige kwa kanisa la anakokwenda kabla hajafika, vinginevyo mtakuwa mnahesabu waongofu kwenye daftari tu.

Msiba ndo ulitugombanisha kuliko vyote. Mvuvi kafa maji, ndugu wapo Kigoma huko, sio muumini wetu, wengine wakasema kanisa linazika washirika hai, yaani wanaoshiriki kanisani, peke yake. Mimi nilikuwa upande wa kwenda na bado nipo hapohapo, utaratibu wa ibada ya mazishi muachieni mchungaji, ila turubai, maji, uji na mchango wa kusafirisha mwili hauhitaji cheti cha ubatizo.

Walio mbali na ziwa nao wasikose la kufanya. Hospitali ya Bugando inapokea wagonjwa wa rufaa kanda nzima ya ziwa, kuna mtu anatoka Ngara kuja kumuuguza mama yake hajui mtu Mwanza hii, nauli ndo imemaliza hela yote. Tafuteni waliotoka kwenye makanisa yenu ya mikoani, mpelekeeni chai, sabuni, vocha, na mumpe mahali pa kuoga. Utaratibu wa wodini ulizeni kwanza. Na jamani picha za mgonjwa kitandani kwenye grupu la wasapu acheni kabisa, mtu ana mpira puani nyie mnatabasamu na ndoo ya sabuni, hapana.

Hela tulitenga fungu dogo la sadaka la kila mwezi, halafu jumapili moja ya mwezi kila nyumba inakuja na kilo ya unga au maharage, anayeweza. Anayetunza stoo asiwe ndo anayegawa.

Spika mnunue kama zipo hela za ziada, ila hiyo bajeti ya jukwaa na mhubiri mgeni mngeniuliza mimi ningeanza na maturubai na nauli ya bodaboda. Niambie mwalo wenu ni wa dagaa au sangara, maana wa sangara ratiba yao ni nyingine na wengi wanakaa visiwani.