Maswali ya Wasomaji: Picha za Ngome ya Magdala, 1868

SWALI: Nimeziona picha za ngome ya Magdala, Ethiopia, zilizopigwa mwaka 1868 jeshi la Uingereza lilipomwendea Mfalme Tewodros wa Pili. Mbona hazionyeshi vita? Ni malango, majabali na watu waliosimama wima. Na zile zenye moshi na mapanga, ni za kweli? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Zile zenye moshi na mapanga ni michoro iliyochongwa kwenye mbao kwa ajili ya magazeti. Ikuze kwenye simu: kivuli kikiwa cha mistari mistari, huo ni mchoro. Kivuli cha kamera hufifia taratibu, hakina mistari.

Wapiga picha walikuwa askari wa Kampuni ya 10 ya Wahandisi wa Kifalme, wakiongozwa na Sajini John Harrold. Kazi yao kubwa ilikuwa kunakili ramani na michoro ya njia ili maofisa wa Jenerali Napier, kamanda wa jeshi hilo la Uingereza, wapate nakala. Mandhari na watu vilifuata baadaye.

Kilichowazuia kupiga picha za vita ni kolodioni, dawa ya majimaji yenye kunata iliyopakwa kwenye kioo cha kupigia picha. Fundi alimimina dawa hiyo, iliyoyeyushwa katika etha na alkoholi, juu ya kioo, akakiinamisha ienee hadi pembeni, kisha ndani ya hema la giza akakitumbukiza katika maji ya nitrati ya fedha kwa dakika tatu hadi tano ili kihisi mwanga. Kioo kilitiwa kwenye kamera kikiwa bado kimelowa, lenzi ikafunguliwa kwa sekunde kadhaa, kisha mbio kurudi hemani kukisafisha kwa salfeti ya chuma ili picha itokee. Kazi hiyo yote ilitakiwa kumalizika ndani ya dakika kama kumi, kwa sababu kioo kikikauka dawa hupoteza nguvu. Mtu anayekimbia mbele ya lenzi iliyo wazi sekunde kadhaa hubaki ukungu tu, au hatokei kabisa.

Zaidi ya hapo, mapigano ya Aroge, chini ya ngome, tarehe 10 Aprili, yalianza jioni jioni huku mvua na ngurumo zikipiga. Kolodioni huona mwanga wa buluu na urujuani tu, na mwanga huo jioni ya mawingu ni haba. Watu wa Tewodros wapatao 700 waliuawa hapo. Ukitazama picha za ngome, wakumbuke hao, maana wapiga picha walifuatana na upande ulioshinda.

Mlima nao ulikuwa na shida zake. Magdala iko juu, zaidi ya mita 2,700. Etha huchemka kwenye nyuzi 35 pwani, na huko juu huchemka mapema zaidi. Kolodioni ikawa nzito kabla haijaenea, ikaacha mikunjo na michirizi kwenye kioo. Maji yenye chumvi huichafua nitrati ya fedha ikawa kama maziwa, na vumbi likiingia hemani linaacha vidoadoa. Tena vioo, chupa na hema vilibebwa na wanyama njiani, kiasi cha kilomita 640 kutoka Zula, pwani ya Bahari ya Shamu.

SWALI: Nina picha ya zamani iliyoandikwa "Magdala". Nitajuaje ilipigwa lini? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Anza na nyumba. Ngome ilitekwa tarehe 13 Aprili 1868, na Napier akaichoma tarehe 17. Paa za nyasi zikiwa nzima ndani ya ngome, kamera ilifika katika siku hizo chache.

Kisha shika karatasi pembeni, usiguse uso wake. Picha ya wakati huo huchapwa juu ya karatasi nyembamba iliyopakwa ute wa yai, nayo hubandikwa kwenye kadi ngumu. Inang'aa kidogo, rangi yake ni kahawia au zambarau, na sehemu nyeupe zimegeuka manjano. Anga ni jeupe tupu. Ukiikuza ukaona vitone vidogo vilivyopangwa safu, hiyo ni nakala ya kitabu, siyo chapa ya mwaka 1868.

Usiifute kwa kitambaa chenye maji: ute hupasuka. Iweke bapa ndani ya bahasha isiyo na asidi, mbali na jua.